Farasi 400 za nini kama valvu zinachelewa?

Gari la mashindano likitoka gereji, swali la kwanza la mashabiki ni lile lile: lina farasi wangapi? Namba ikiwa kubwa, makofi. Hapo ndipo madereva wengi wa rali wanapoponzwa, maana namba hiyo inapatikana juu kabisa ya mshale, mahali ambapo gari linalotoka kwenye kona yenye matope halifiki mara nyingi.

Chukua Mitsubishi Lancer Evolution IX, gari ambalo wapenzi wa rali Kenya, Uganda na Tanzania wanalijua kama jezi ya timu yao. Lilipoingia sokoni mwaka 2005, injini yake ya 4G63 ilikuja na MIVEC, kitu ambacho Evo zilizotangulia hazikuwa nacho. Toyota wana VVT-i, Subaru wana AVCS. Majina tofauti, kazi moja: presha ya oili inasukuma gia iliyo kwenye ncha ya kamshafti, kamshafti inasogea nyuzi kadhaa, na valvu zinawahi au zinachelewa kufunguka. Anayeamua ni kontroli boksi.

Mtu wa soka hapotei hapa. Beki wa pembeni akipanda muda wote anaacha uwazi nyuma, asipopanda kabisa timu inakosa upana. Gari likiwa sailensa, ukiwahisha sana valvu za hewa, zinafunguka wakati za moshi hazijafunga, moshi unarudi ndani na injini inatetemeka. Kwenye mizunguko 3,000 hadi 4,500 kwa dakika, kuwahisha huko huko ni dhahabu: silinda zinajaa na turbo inaamka mapema. Juu zaidi, injini inataka valvu ya hewa ichelewe kufunga ili hewa iliyo mbioni iendelee kuingia.

Sasa mwenye gari anafunga turbo kubwa, kamshafti kali na ekzosi pana, halafu taimingi ya valvu anaiacha kama ilivyotoka kiwandani, iliyopangwa kwa injini ambayo haipo tena. Wengine wanaufunga mfumo wote, eti ni umeme wa kusumbua. Huko ni kumsajili winga kwa fedha nyingi kisha kumweka golini.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko uchawi. Gari linapanda kwenye mashine ya kupimia nguvu. Taimingi inashikiliwa kwenye nyuzi 0, gari linavutwa hadi juu, mchoro unahifadhiwa. Kisha nyuzi 10, kisha 20, hadi pale mfumo unaporuhusu. Michoro inalazwa pamoja, na kila mzunguko unapewa nyuzi zilizotoa mvuto mkubwa. Haiishii hapo. Hewa inayoingia imebadilika, kwa hiyo petroli na wakati wa cheche vinapangwa upya. Fundi anayeruka hatua hiyo anaweza kurudisha gari likiwa na pistoni iliyotoboka.

Kamshafti ikiwa imebadilishwa, kuna kipimo kingine ambacho wengi wanakionea uvivu: plastisini inabandikwa juu ya pistoni, injini inazungushwa kwa mkono, na nafasi iliyobaki kati ya pistoni na valvu inapimwa, hata pale taimingi inapowahishwa hadi mwisho. Vyuma hivyo vikigongana, msimu umeisha. Na oili chafu au nzito kupita kiasi inafanya gia ichelewe kuitikia, kisha lawama zote anabebeshwa aliyepanga kompyuta.

Wapo wanaobisha kwamba Formula One ilipiga marufuku mifumo hii mwaka 2006 na magari bado yakaruka. Sawa, lakini injini zile zilikuwa zinaishi juu. Mwaka 2007 ziliwekewa kikomo cha mizunguko 19,000. Dereva aliyekwama kwenye mchanga laini wa Kedong, Naivasha, anahitaji nguvu hapo hapo chini anapokanyaga mafuta.

Mdhamini anayelipia injini mpya aombe mchoro wote wa mvuto, kuanzia mizunguko 2,500, pamoja na ile ya majaribio ya nyuzi tofauti. Fundi aliyefanya kazi hiyo anayo kwenye kompyuta yake, na kuifungua hakumalizi dakika tano.