Mlazo wa Herufi na Haki ya Ubeti

Wapo wahariri ambao hukunja uso mswada wa mashairi unapowafikia kutoka Kihesa, kule Iringa, ukiwa umepigwa chapa steshenari kwa herufi za upana mmoja. Hizo, husema, ni herufi za taipureta; na kituo kikiwa kimelazwa, basi huona ushamba juu ya ushamba. Hawa hawakijui wanachokidharau.

Tuutazame ubeti wa tarbia: mishororo minne, kila mmoja na ukwapi wa mizani nane na utao wa mizani nane. Herufi za kawaida za vitabu hazina usawa. I hupewa uchochoro, m hupewa ukumbi. Mpiga chapa akitenga vipande kwa nafasi, utao huyumba kama mlevi kila mswada unapobadilishiwa herufi. Katika herufi za upana mmoja, i, m na hata nafasi tupu hukaa vyumba vilivyo sawa, na utao ukianza mahali pamoja huanza hapo katika mishororo yote. Sisemi kwamba herufi hizo huhesabu mizani. Maneno "ua" na "kuchwa" yote yana mizani mbili, na hakimu wa hayo ni sikio. Lakini jicho nalo lina haki yake.

Na mlazo? Katika herufi nyingi za vitabu umbo la mlazo huwa jembamba kuliko la wima, hivyo kukilaza kituo ni kukifupisha. Katika DejaVu Sans Mono, ambayo ni huru kwa kila mtu, herufi iliyolazwa ina upana uleule wa iliyosimama. Kibwagizo hubadili sauti bila kuvunja safu. Waandishi wa programu za kompyuta wamelijua hili kitambo: huyalaza maelezo yao kando ya amri, na nguzo hazitikisiki. Fundi wa kompyuta aruhusiwe, mshairi akatazwe?

Kasoro zipo. Lugha yetu imejaa m na w, na "mwanamwali" husongamana humo kama abiria wa daladala. Nayo i hubaki kama mwiko ndani ya pipa, hata mafundi wa herufi zisizo na vijimkia hulazimika kuichorea kiguu. Wengine wameufupisha mguu wa kati wa m ili ipumue. Hayo ndiyo ya kudai kwa wachoraji.

Wanaouona mlazo kuwa pambo tu wakumbuke Venice, mwaka 1501. Aldus Manutius alipochapa kitabu kizima kwa herufi za mlazo alizochongewa na Francesco Griffo, kilikuwa cha mashairi ya Virgil. Mlazo ulikuwa vazi la ushairi kabla vitabu vya Kiingereza havijaanza kuyalaza maneno ya Kiswahili ili yajulikane kuwa ni wageni.

Mhariri atakayeletewa mswada wa Kihesa na ausome kwa sauti, kipande kwa kipande. Akikuta mizani imepungua, aurudishe kwa hilo.