Koki Iliyohamishwa

KIVULI CHA MBUNI
Na Tumaini Nzunda

Hapa Hasamba biashara ya pikipiki humalizikia kwenye benchi la fundi. Karatasi inachanwa katikati ya daftari la mtoto wa shule, yanaandikwa majina, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kisha yale maneno matatu yanayotuliza moyo: "imeuzwa kama ilivyo." Mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, pesa zinahesabiwa mara mbili, watu wanatawanyika.

Nimeikumbuka karatasi hiyo kwa sababu ya helikopta. Mwaka 2019 fundi Adam Kinyekile wa Tunduma alivuma nchi nzima kwa helikopta aliyoiunda mwenyewe, na hadi leo ikitajwa kijiweni swali ni lilelile: ingeruka? La kwangu ni la kichuuzi zaidi. Fundi wa namna yake akimaliza chombo, kikaruka kweli, kisha akaja mtu na fedha taslimu, watauziana kwa karatasi gani?

Ndege za kwetu husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, zikapewa namba inayoanza na 5H, na pamoja na namba inatakiwa hati inayosema chombo kinafaa kuruka. Ukimuuzia mtu wa Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, mambo yanaongezeka. Mkataba wa Chicago wa 1944 unakataza ndege moja kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja, hivyo lazima ifutwe huku ndipo Wazambia waiandike kwa 9J yao. Forodha sijaigusa.

Hayo yote lakini ni ya umiliki, na umiliki huhama kwa saini. Kazi ya mikono haihami. Marekani, ambako ndege za kujiundia ni maelfu, wanalijua hili vizuri. Mtu anaruhusiwa kuunda ndege yake ilimradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wasio wa kiwandani, kwa kujifunza au kujifurahisha. Cheti anachopewa muundaji cha kuikagua ndege yake kila mwaka hakimfuati mnunuzi. Anayeuza anabaki na hofu ya kushtakiwa kwa chombo ambacho hakigusi tena, na wapo waliong'oa injini wakaiuza peke yake, mwili wa ndege wakaukata kwa msumeno.

Mwimbaji John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 baharini, Monterey Bay, California, akirusha ndege ndogo aina ya Long-EZ. Alikuwa ameipata punde tu. Hakuiunda yeye, wala aliyemuuzia siye aliyeiunda. Kwenye michoro, koki ya kuchagua tangi la mafuta ilikaa kati ya miguu ya rubani. Muundaji aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Siku ile, kabla ya kuruka, Denver na fundi walijaribu kuirefusha koki kwa koleo ili mkono uifikie. Ikashindikana. Fundi akampa kioo kidogo cha kutazamia geji za mafuta zilizokuwa nyuma yake. Wachunguzi walihitimisha kwamba aligeuka kuhangaika na koki, ndege ikamponyoka. Kwenye ripoti yao waliandika pia uamuzi wa yule muundaji, na kwamba koki haikuwa na alama yoyote.

Sasa "kama ilivyo" inasaidia nini hapo? Huenda ikamfunga aliyesaini. Haimfungi mwenye paa lililoangukiwa, wala mnunuzi wa tatu ambaye hamkuonana. Ndiyo maana simwambii fundi wetu akimbilie kwa wakili kwanza. Aanze na daftari siku anachomelea bomba la kwanza: hapa nimefuata mchoro, hapa nimebadilisha, kwa sababu hii. Na palipobadilishwa aandike kwenye chuma chenyewe, kwa rangi isiyofutika, maana daftari hupotea kwa mwenye mali wa pili.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Niliwahi kuuza pikipiki ambayo koki yake ilipasuka nikaweka ya jenereta, inayofunga pale nyingine zinapofungua. Mnunuzi nilimwambia kwa mdomo, akacheka, tukaandikiana ya daftari. Kadi ikabaki na jina langu. Miaka miwili baadaye nikapigiwa simu na polisi: pikipiki imezimika mlimani na magunia mawili ya kahawa, imerudi kinyumenyume hadi mtaroni, dereva kavunjika mkono. Nilimkuta amekaa nje ya zahanati, kijana nisiyemjua, aliyeinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu wangu.

Nikamuuliza kama aliambiwa habari za koki.

"Nani aniambie, mzee?"