Nywele Zikinyonyoka, Mgonjwa na Daktari Wapime Pamoja

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa wa kunyonyoka nywele kwa mabaka, ambao madaktari huuita alopesia areata. Kinga ya mwili hushambulia mizizi ya nywele za mwili huo huo. Si mapunye, hauambukizi, wala si kurogwa.

Daktari wa ngozi huupima kwa eneo. Hugawa kichwa sehemu nne: utosi asilimia 40, kisogo 24, na kila upande 18. Kisha hujumlisha palipo wazi. Pakifika asilimia 50, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Katika majaribio ya dawa, palipo wazi pakipungua hadi asilimia 20, dawa huhesabiwa kuwa imefaulu.

Lakini mgonjwa hapimi hivyo. Mama mwenye nywele zote kichwani, ila amepoteza nyusi na kope, kwa kipimo hicho ana sifuri. Hata hivyo vumbi humwingia machoni, na watu humkodolea macho. Mwingine ana baka moja tu juu ya paji la uso, naye ameacha kwenda kwenye jumuiya. Tunaona ni kosa kumwambia, "Ni kidogo, vumilia." Kadhalika, mzee aliyepoteza nywele zote na wala hajali, asisukumiwe dawa.

Mgonjwa naye aambiwe ukweli. Baka dogo mara nyingi huota nywele lenyewe ndani ya mwaka mmoja. Dawa ya baricitinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima wenye ugonjwa mkali. Katika majaribio, kwa kipimo cha juu cha dawa hiyo, waliofikia lengo baada ya majuma 36 walizidi kidogo mmoja kati ya watatu. Ni ghali, hupunguza kinga ya mwili, na ukiiacha nywele zaweza kunyonyoka tena.

Basi, ndugu mgonjwa, kabla ya kumwona daktari, amua ni jambo gani linakusumbua zaidi, umwambie waziwazi. Nawe daktari, uliza hilo kabla ya kuhesabu mabaka. Kisha kubalianeni: mnatafuta nini, na mtasubiri hadi lini?

Nasi wa nyumbani tusicheke, wala tusitoe dawa za kubahatisha. Tumsindikize mgonjwa wetu hospitali.