AFYA YA MAMA NA MTOTO: Gundi ya Ubongo na Bilauri ya Pombe

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya chakula cha mama mwenye mimba: mboga za majani, maharage, mayai na maji safi. Juma hili yafaa tutazame jambo dogo mno lisiloonekana kwa jicho, nalo ni protini inayozishikamanisha chembe za fahamu katika ubongo wa mtoto angali tumboni.

Ubongo hujengwa hatua kwa hatua, kama nyumba ya matofali. Chembe za fahamu huzaliwa, kisha husafiri hadi mahali pake, na kila moja hunyoosha uzi mwembamba kuwatafuta wenzake. Njiani hutambuana na kushikamana kwa protini zilizochomoza juu ya utando wake. Mojawapo ya protini hizo huitwa L1, nayo ilielezwa mwaka 1984 na Fritz Rathjen na Melitta Schachner wa Ujerumani.

L1 ni mnyororo wa asidi amino 1,257. Sehemu kubwa iko nje ya chembe, sehemu fupi hupenya utando, na mkia mdogo hubaki ndani. Sehemu ya nje ina mafundo 11 yaliyofuatana kama shanga katika uzi. Mafundo 6 ya mwanzo yanafanana na yale ya protini za damu zinazotukinga na maradhi. 5 yaliyobaki ni ya namna nyingine. Tena, mafundo manne ya kwanza hujikunja, la kwanza likalala juu ya la nne, na la pili juu ya la tatu. Ukitaka kulielewa umbo hilo, kunja mkono wako mpaka kiganja kiguse bega. Kwa mafundo hayo L1 ya chembe moja huishika L1 ya chembe nyingine, na nyuzi za fahamu hupata njia yake.

Je, gundi hii ikiharibika? Mwaka 1992 ilithibitishwa kwamba kasoro katika jini ya L1 huleta aina moja ya kichwa maji cha kurithi. Huwapata hasa watoto wa kiume, kwa kuwa jini hiyo imo katika kromosomu ya X, na mwanamume anayo moja tu. Mara nyingi daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo wao huwa dogo au hukosekana kabisa.

Dosari kama hiyo ya daraja huonekana pia kwa baadhi ya watoto ambao mama zao walikunywa pombe wakati wa mimba. Madhara ya pombe kwa watoto hao yalielezwa na Paul Lemoine na wenzake huko Ufaransa mwaka 1968, na tena huko Marekani mwaka 1973 na Kenneth Jones na David Smith. Mfanano huo ulimfanya Michael Charness na wenzake wa Marekani waichunguze L1. Mwaka 1996 walionyesha kwamba kileo huzizuia chembe zenye L1 zisishikamane, hata kikiwa kidogo kama kile kinachoingia katika damu baada ya kinywaji kimoja. Mwaka 2008 ikaelezwa mahali kinapokaa: kijishimo kilicho kati ya fundo la kwanza na la nne, pale pale kiganja kinapogusa bega.

Majaribio hayo yalifanywa katika maabara, na kileo hudhuru ubongo wa mtoto kwa njia nyingine pia. Lakini yanatuonyesha kwa nini waganga hawataji kiasi chochote cha pombe kuwa ni salama kwa mja mzito. Kileo hupita kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto. Kiwe cha ndizi, cha mtama, cha chupa au cha kukenekwa, ni kileo kile kile.

Basi mama aliyekunywa kabla ya kujua kuwa ana mimba asikate tamaa, bali aache leo, kwa maana ubongo wa mtoto huendelea kujengwa miezi yote tisa. Baba naye asimshawishi kwa bilauri ya kumpa nguvu. Uji mzuri utamfaa zaidi. Na mtoto ambaye kichwa chake kinakua upesi kupita kiasi apelekwe hospitali bila kukawia. Majirani wasimnyoshee mama yake kidole, kwani kichwa maji kina sababu nyingi, yakiwamo maradhi ya kuambukiza yanayompata mtoto baada ya kuzaliwa.