Kioo cha mbele nacho kiwe kwenye mahesabu ya shamba

Leo naweka mbolea na dawa pembeni. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada, sasa anatufundisha kuosha magari. Sawa tu. Nisomeni mpaka chini, halafu ndio mseme.

Msimu uliopita niliomba lifti kwa kijana mmoja anayelima nyanya Ilula. Ni mkulima haswa: umwagiliaji wa matone, mbegu chotara, daftari la mahesabu lililonyooka kuliko mafaili yangu ofisini. Tulitoka saa nne usiku na kenta yake, matenga yamefungwa vizuri, safari ya soko la Ilala, Dar. Tunateremka Kitonga, lori likawa linapanda na taa za full. Kioo chetu chote kikawa cheupe, kama mtu katandika shuka mbele yetu. Kwa sekunde kadhaa mimi sikuona barabara, na yeye aliyeshika usukani hakuona pia. Lori lilipopita ndipo tukaona matawi yamewekwa barabarani, na mnajua matawi maana yake nini. Mbele yake kulikuwa na semi imeharibika kwenye kona. Alikanyaga breki, matenga yakagonga nyuma ya kabini, tukasimama karibu mno na ile semi. Sitaki kutaja hatua ngapi maana sikuzipima, miguu ilikuwa inatetemeka.

"Huyu wa lori hana adabu, katupiga full makusudi," akasema. Mimi nikapitisha kidole kwenye kioo kwa ndani. Kikaacha mstari, kama meza iliyokaa na vumbi mwezi mzima, na kidole kikawa kinanata.

Hapo ndipo ninapotaka kubishana nanyi. Tukinusurika, tunalaumu mwenye full. Tusiponusurika, watu msibani wanasema ni usingizi, au ni ibilisi wa Kitonga. Kioo hakitajwi kabisa! Na dawa ambayo vijana wengi wanaikimbilia ni kufunga taa kali zaidi. Mimi nasema huo ni ujinga wa gharama. Taa zako kali hazisafishi ukungu wa kioo chako, zinampofusha tu mwenzako anayekuja, ambaye naye pengine kioo chake ni kama chako. Mwanga wa gari linalokuja ukigonga ule utando wa ndani unatawanyika kioo kizima. Mchana huuoni sana. Unauona usiku, na unauona asubuhi unapoendesha kuelekea jua. Na sisi wa nyanya na vitunguu safari zetu ni za saa hizo hizo: usiku Kitonga na Mikumi, halafu ukishaiacha Morogoro jua linachomoza usoni.

Tuliposimama Ruaha Mbuyuni, yule kijana akavuta tambara chini ya kiti apanguse. Nikamzuia mkono. Lilikuwa ni tambara lile lile analofutia pampu ya kupulizia! Dawa nyingi tunazotumia, zile zenye herufi EC kwenye lebo, zina viyeyusho vya mafuta. Ukipangusia kioo tambara hilo unapaka mafuta juu ya mafuta, na mkono wako na pua yako vinapata sumu bure. Nimeshasema mara nyingi kwamba dawa hazisafirishwi kabini, zikae nyuma kwenye ndoo yenye mfuniko. Leo nimepata sababu nyingine ya kusema tena.

Utando wenyewe unatoka wapi? Sio vumbi peke yake. Plastiki ya dashibodi ikipigwa na jua inatoa mvuke, na mvuke huo unaganda kwenye kioo. Ongeza pumzi za watu watatu kabini, moshi wa sigara wa utingo, na vumbi la barabara ya shamba. Halafu kuna ile polishi ya kung'arisha dashibodi ambayo vijana wa kuosha magari wanaipuliza kwa fujo ili gari linukie. Inang'aa, ndiyo, lakini sehemu yake inaishia kwenye kioo, na ile iliyobaki kwenye dashibodi inaakisi jua machoni mwako. Mimi nikipeleka gari kuosha nasema kabisa: dashibodi tambara lenye maji, basi.

Sasa kazi yenyewe. Fanya kivulini, gari limepoa. Juani maji na sabuni vinakauka kabla hujafuta, na hiyo ndiyo michirizi yenyewe. Anza nje. Mwaga maji mengi kwanza uondoe mchanga, kwa sababu tambara kavu juu ya mchanga linachora kioo na mchoro haufutiki. Kisha maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Tone, sio kikombe. Sabuni ikizidi nayo inaacha utando. Suuza. Kama unaoshea maji ya kisima yenye chumvi utabaki na madoa meupe. Chukua siki na maji nusu kwa nusu, lowanisha, subiri dakika mbili tatu, sugua, suuza. Na usisahau mpira wa waipa. Uinue, uufute kwa tambara lenye maji ya sabuni mpaka tambara liache kutoka jeusi. Nimeona watu wanasugua kioo nusu saa, wanawasha waipa mara moja, michirizi yote imerudi. Mpira ukiwa umekakamaa au umepasuka, nunua mwingine. Hakuna namna.

Ndani ndiko kwenye kazi, na ndiko watu wanakokwepa kwa sababu kioo kimelala na mkono haufiki kwenye kona za chini. Unahitaji vitambaa vitatu safi, vile laini vya manyoya mafupi vinavyouzwa maduka ya spea, au fulana ya pamba iliyozeeka na kufuliwa bila dawa ya kulainisha nguo. Cha kwanza chenye maji ya sabuni, kimekamuliwa vizuri, kitoe uchafu mzito. Cha pili chenye spiriti na maji nusu kwa nusu, ndicho kinachokata mafuta. Fungua milango yote, asivute mtu sigara hapo, na umwagie kwenye kitambaa, sio kwenye kioo, ili spiriti isidondokee dashibodi. Cha tatu kikavu, cha kumalizia. Gazeti nalo linafaa kukaushia, wazee wetu hawakukosea, ila karatasi za chooni zinaacha manyoya. Kwenye kona geuza mkono, kiganja kiangalie juu, utaona vidole vinafika.

Kuna kamchezo kamoja kanasaidia sana: ndani futa kwa kwenda juu na chini, nje futa kwa kwenda kulia na kushoto. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani. Bila hivyo utazunguka gari mara nane unafuta upande usio wenyewe.

Si kila kioo kitakubali. Kioo kilichokula mchanga miaka mingi kina vishimo vidogo vidogo, ukipitisha kucha unavisikia, na hivyo havioshwi. Weupe unaoanzia pembeni ni tabaka za kioo zinaachana, nao hauoshwi. Watu wanasugua kwa majivu, wanasugua kwa steel waya, wanamalizia kukiua kabisa. Kama utando unarudi baada ya siku mbili, unanata na kabini inanukia utamu utamu, hapo huenda hita ndiyo inavujisha maji ya rejeta. Peleka kwa fundi kabla injini haijachemka.

Lililobaki ni nani afanye. Wengi wenu mmeajiri dereva, au mnakodi gari, na jibu ninalolipata kila siku ni "Afisa, hiyo ni kazi ya dereva." Hapana. Mzigo ni wako, na familia ya dereva itakuja kulia mlangoni kwako. Kabla matenga hayajapakiwa, kaa wewe mwenyewe kwenye kiti cha dereva jioni, washa tochi ya simu, imulike kioo kwa ulalo. Ukiona mawingu, gari halipakiwi mpaka lifutwe. Unakagua matairi, unakagua kamba, kwa nini kioo ukiruke? Vitambaa, siki na spiriti kwa pamoja havifikii bei ya pakiti moja ya mbegu chotara unayonunua bila kufikiri mara mbili.

Usiku ule Ruaha Mbuyuni hatukuwa na spiriti. Tulinunua maji ya chupa na sabuni ya kipande, nikavua fulana yangu ya ndani, tukafuta kwa tochi ya simu huku wauza vitunguu wakitucheka. Haikuwa kazi safi, lakini Mikumi tulipita tunaona vibao, na jua la Chalinze lilitukuta tunaona barabara.

Sasa hivi yule kijana ana ndoo ndogo ya aiskrimu yenye mfuniko nyuma ya kiti, ndani vitambaa vitatu na chupa iliyoandikwa KIOO kwa makapeni. Juzi amenipigia simu kwa hasira: kamkuta utingo anafutia kijiti cha kupimia oili kitambaa namba tatu. Wamekatana nusu ya posho ya safari. Mimi nimesema imezidi, angemnunulisha tu kitambaa kipya. Nyie mnasemaje?

Wiki ijayo narudi kwenye kantangaze.