Subira Sio Uoga



Kila kijana anapokamatwa ovyo, au mtu anapopotea na familia yake haijui aliko, tunasikia kauli mbili. Ya kwanza: "Nyamazeni, mambo ya serikali hayatuhusu." Ya pili: "Maandamano hayana faida, hawa wanaelewa nguvu tu." Leo tunaongea na wewe wa kauli ya pili. Hasira yako hatuilaumu, ina sababu. Lakini hebu sikiza kisa hiki kwanza.

Mwaka wa 1929, mpakani mwa India na Afghanistan, Mwislamu wa Kipashtuni aitwaye Abdul Ghaffar Khan aliunda jeshi. Naam, jeshi: sare nyekundu, makamanda, gwaride na kiapo. Kitu kimoja tu hakikuwepo, silaha. Waliitwa Khudai Khidmatgar, yaani Watumishi wa Mungu. Waliapa kutodhuru mtu, kutolipiza kisasi na kusamehe. Na usidhani walikuwa waoga. Hawa ni watu waliolelewa na bunduki nyumbani, na kisasi kwao kilikuwa heshima ya ukoo. Khan aliwaambia silaha yao ni subira, ile ile ambayo Mtume (SAW) aliishika miaka ya mateso kule Makka.

Tarehe 23 Aprili 1930, Waingereza waliwakamata viongozi. Watu wakajaa soko la Qissa Khwani mjini Peshawar, mikono mitupu. Wakapigwa risasi, wengi wakafa. Lakini siku hizo hizo likatokea jambo lililoitikisa dola: wanajeshi wa Garhwal Rifles, Wahindu waliovaa sare ya Mwingereza, walikataa kuwapiga risasi Waislamu wasio na silaha. Walishtakiwa na kufungwa jela, lakini walikataa.

Hapo ndipo lilipo somo. Mwaka wa 1973, mwandishi Gene Sharp alieleza kwamba mtawala hana nguvu yake mwenyewe. Anaazimwa na askari anayetii, karani anayepiga muhuri, mlipa kodi, na sisi tunaonyamaza. Wakiacha kumwazima, anabaki mtu mmoja ofisini. Sasa jiulize: ukimrushia askari jiwe, unamwachisha kutii au unampa sababu ya kufyatua? Unaporusha jiwe, anaitetea roho yake. Unaposimama mikono mitupu, anabaki na dhamira yake.

Sio maneno matupu. Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza harakati 323 za kati ya 1900 na 2006. Zilizotumia njia ya amani zilifaulu asilimia 53, na za silaha asilimia 26.

Lakini hatutakudanganya. Asilimia 53 maana yake karibu nusu hazikufaulu kikamilifu. Khan mwenyewe alifungwa na Waingereza, na baada ya 1947 akafungwa tena na Pakistan, nchi ya Waislamu wenzake. Alikufa 1988 baada ya kumaliza miaka mingi ya maisha yake jela. Njia hii ina gharama, na anayekwambia ni rahisi hajawahi kuijaribu.

Hapa kwetu pia tuna mfano. Mwaka wa 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula pale Uhuru Park. Walipigwa na polisi, wakahamia kanisani, wakakaa. Watoto wao wakaachiliwa. Mama zetu hawakuwa na hata fimbo.

Kwa hivyo ndugu yangu, dada yangu, kukaa kimya sio amani, na kurusha jiwe sio ushujaa. Andika majina na tarehe. Jaa mahakamani siku ya kesi. Simama na familia ya aliyepotea, hata kama sio ya dini yako. Na ukimwona mtu katikati ya maandamano anawachochea wenzako kuchoma na kuvunja, muulize: wewe umetumwa na nani?

Hasira, hasara. Subira ndiyo kazi.

Wassalaam.