Jaribio Lisilojaribu

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, wanachuo walikuwa wakifundishana wao kwa wao kabla ya kwenda shule za mazoezi. Mmoja alishika chaki, wenzake wakajifanya watoto wa darasa la tatu. Walijibu vizuri mno, maana majibu waliyajua. Zoezi lile lilifaa kurekebisha sauti na mwandiko wa ubaoni. Lakini hakuna mkufunzi aliyempa mtu alama za ualimu kwa zoezi hilo. Alama zilitolewa shuleni, mbele ya watoto wa kweli.

Nayakumbuka hayo kwa sababu ya mjukuu wangu, mtunzi wa programu za kompyuta. Aliandikia chama kimoja cha akiba na mikopo programu ya kuandikisha wanachama. Alinionyesha kwa fahari majaribio 200 yanayojiendesha yenyewe; yote yalifaulu kwa sekunde chache. Siku ya kwanza ya kazi alifika mama mmoja ambaye jina lake lina ng'. Programu ikamkataa. Akarudi nyumbani na akiba yake mkononi.

Kosa lilikuwa ritifaa. Katika lugha ya SQL alama hiyo hufunga maneno. Ukilibandika jina ndani ya amri bila kinga, amri hukatika katikati. Kosa hilo lilikaa katika repozitori, yaani sehemu ya programu inayozungumza na hifadhidata. Na jina lenye ng' lilikuwamo katika majaribio! Ila mahali pa repozitori kijana aliweka mwigo, wenyewe huuita moki, uliofunzwa kujibu "ameandikishwa" kila ulipoulizwa. Alijiuliza swali na kujijibu mwenyewe, kisha akajipa alama mia.

"Babu," akaniambia, "hifadhidata halisi inachelewesha majaribio." Inachelewesha nini? Siku hizi PostgreSQL huwashwa ndani ya kompyuta ileile kwa ajili ya majaribio tu, na kila jaribio likiisha, yaliyoandikwa hufutwa kwa kutangua muamala. Zikipotea dakika mbili, na zipotee. Mama yule alipoteza siku nzima.

Sisemi moki zote zitupwe. Huwezi kumtoza mtu fedha kila unapojaribu malipo, wala kungoja mtandao ukatike ili uone programu itafanyaje. Hapo iga. Lakini hifadhidata ni yako, iko mikononi mwako, na sheria zake ndizo zitakazokuhukumu.

Wakubwa pia wameumia. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ilipasuka kabla ya dakika moja kwisha. Kifaa cha kupima mwelekeo, kilichorithiwa kutoka Ariane 4, kilishindwa na namba iliyozidi nafasi yake. Tume ya uchunguzi ilieleza kwamba katika majaribio ya mfumo mzima kifaa chenyewe hakikuwekwa. Majibu yake yaliigizwa.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Programu isiyojaribiwa na hifadhidata itajaribiwa na wananchi, nao hawakuomba kazi hiyo. Kijana anayeniambia majaribio yake yote yamefaulu, nitamuuliza kwanza: yamefaulu mbele ya nani?